Tathmini: Programu ya Kusimamia Mahitaji kwa Timu za Ajaili

Programu hii tumeitumia katika kampuni ya uhandisi ambamo mkataba, ratiba na mahitaji (yale ambayo mfumo lazima uyatimize) hupitishwa kabla ya kazi kuanza, huku timu ya waandishi wa programu ikifanya kazi kwa mtindo wa ajaili, yaani kwa mizunguko mifupi inayoruhusu mabadiliko ya mara kwa mara. Ubora wake mkubwa ni ufuatiliaji: hitaji la mfumo, kwa mfano breki kuitikia ndani ya muda uliowekwa, huunganishwa na kazi ndogo ndogo zilizotokana nalo pamoja na majaribio yake, na likibadilishwa, viungo vyote vinavyohusika huwekewa alama ya kukaguliwa upya. Kwa watengenezaji wa magari wanaofuata ISO 26262, kiwango cha kimataifa cha usalama wa mifumo ya umeme na elektroniki ya magari, kinachodai ufuatiliaji wa aina hiyo, hili si jambo dogo hata kidogo.

Kinachoudhi ni utaratibu wa idhini. Kila marekebisho, hata ya neno moja, hupelekwa kwenye kamati ya mabadiliko, na timu yenye mizunguko ya wiki mbili humaliza mzunguko kabla haijajibiwa. Msimamizi anaweza kuiruhusu timu iidhinishe yenyewe mahitaji ya ngazi ya chini, lakini mpangilio huo umefichwa mno. Ningeichagua tena, kwa sharti kwamba mpangilio huo uwekwe tangu siku ya kwanza.