Taa za sensa kwenye ngazi: kabla hamjachangishana, someni hii

Kama kwenye ghorofa lenu kuna mtu ameleta hoja ya kufunga taa za sensa, zile zinazojiwasha mtu akipita, kwenye ngazi ili kubana matumizi ya umeme wa LUKU, ngojeni kidogo kabla hamjatoa hela. Sisi tumeshatoa.

Tunakaa Sinza, jengo la ghorofa nne, wapangaji kumi na wawili. Kila mtu ana mita yake, ila taa za ngazi, za nje na pampu ya maji ziko kwenye mita moja ya pamoja, na hiyo ndiyo inayotugombanisha kila mwisho wa mwezi. Mwaka jana huko, kabla ya vuli, msimamizi akasema taa zinakesha bure, aletwe fundi. Sensa zenyewe sina neno nazo. Mwenye kesi ni huyo fundi.

Sensa ya ngazini kaibandika juu kabisa, inawatazama usoni wanaopanda. Jamani, vile vidude hunasa joto la mwili linapokatiza mbele yake kwa ubavu. Ukiijia moja kwa moja inachelewa kukuona. Na joto la Dar la Februari, hewa yenyewe imekaribia joto la mtu, basi ndiyo inazidi kupumbaa. Pembeni kuna vitufe vya kuzungusha kwa bisibisi, kimoja ni cha muda wa taa kuwaka. Kakiacha mwisho kabisa wa chini, sekunde chache tu. Maji ya tenki letu ni ya chumvi, ya kunywa na kupikia tunayapandisha kwa ndoo. Basi napanda na ndoo yangu, sijafika hata kwenye kona ya kwanza, taa imezima, giza totoro.

Nikampigia, akaja baada ya kubembelezwa sana. Nikamweleza kwa adabu zote. Akanijibu, "Mama, punga mkono tu, itawaka."

Ndoo iko kichwani, mkono mmoja umeishika, mwingine umemshika mtoto. Nipunge nini, sikio? Akacheka. "Basi ongeza mwendo, mama." Msimamizi kasimama hapohapo anachezea funguo zake, hata "pole" hakuna. Vijana wa chini wakaidaka, mpaka leo nikipita nasikia "mama ongeza mwendo!"

Hasira zikanipeleka kwenye kikokotoo. Taa nane za LED za wati 9, zikiwaka usiku kucha saa 12, hazifiki uniti 26 kwa mwezi. Kwa tarifu yetu ya shilingi 356 kwa uniti, makato yakiwa humohumo, ni kama 9,200. Gawanya kwa wapangaji kumi na wawili, hata mia nane hamna kwa kichwa! Zile balbu za zamani za wati 60 zingekula zaidi ya elfu sitini kwa mwezi. Kwa hiyo hela yetu iliokoka siku tulipozing'oa zile. Sensa imekuja kuokota makombo, tena kwa kutuvunja miguu.

Na pampu je? Ina nguvu ya farasi mmoja, wati mia saba na hamsini hivi. Msimamizi anaiwasha halafu huyoo, kahawa na bao. Tenki la juu linafurika, maji yanateremka ukutani mpaka kwenye kamba zetu za nguo. Ikizidisha saa moja na robo tu imeshakula umeme wa taa zote nane za usiku mzima. Boya la kuizima tenki likijaa tumelidai weee, jibu lake ni "bajeti". Bajeti ya kumlipa fundi wa giza ilipatikana.

Ila nisiwe mchoyo wa fadhila. Sensa ya getini, kwa kuwa watu wanakatiza mbele yake, inafanya kazi vizuri mno. Juzijuzi usiku iliwaka pwaa, nikiwa dirishani kwangu nikamwona mtu kule chini anarudia ukuta aliouruka, kandambili moja kaiacha. Siku hiyo nilitaka nimsamehe fundi, nimpe hata nyota nne.

Nyota nne ziliisha bibi wa ghorofa ya pili alipojikwaa gizani, goti likavimba. Fundi akaambiwa aje ageuze kitufe tu. Akataka elfu thelathini, "ya usumbufu". Usumbufu wa nani?

Basi bidhaa nunueni, nasema kwa moyo mweupe, hasa kwa getini na uani. Kwenye ngazi LED peke yake inatosha, au iwekwe ubavuni na muda uongezwe. Fundi wetu msimwite hata kufunga kengele.

Ya ngazini siku hizi inawaka dakika tatu nzima. Bisibisi ya cherehani yangu imetosha. Msimamizi ameandika kwenye grupu la wapangaji anauliza nani kachezea sensa. Tiki za bluu kumi na moja, hajajibu mtu.