Miaka minne darasani, mwaka na ushei dirishani

Nikiulizwa nikipe chuo changu nyota ngapi, leo nakipa moja, na hiyo moja si ya chuo, ni ya mzee anayefagia korido ya ofisi ya mitihani. Wengine wote nawadai.

Jina sitalitaja. Ni chuo kikuu cha umma, kiko huku kwetu magharibi, na ukipanda matatu Kisumu unafika kabla konda hajamaliza kugombana na abiria kuhusu chenji. Nilisomea ualimu, Kiswahili na Historia. Habari za maktaba, maabara na ekari ngapi mtajitafutia wenyewe. Mimi nimekuja kusema habari za dirisha.

Dirisha hilo lina nondo, na nyuma ya nondo kioo, na kwenye kioo tundu la kusemea. Tundu lenyewe liko chini, usawa wa kitovu, kwa hivyo ukitaka kusikika sharti uiname. Nimeinama pale mara nyingi kuliko nilivyoinama kanisani. Kilichonipeleka ni somo moja tu, Isimujamii, la mwaka wa tatu. Kati ya zile alama 30 za majaribio nilikuwa na 22, zimeandikwa wazi kabisa. Kwenye 70 za mtihani palikuwa na kistari. Si sifuri. Sifuri ningeililia, nikarudia mtihani, yakaisha. Kistari hakililiwi wala hakirudiwi. Ni kama kuambiwa hujafa lakini pia hujazaliwa.

Safari ya kwanza nikaambiwa nijaze fomu. Nikajaza. Ya pili, fomu haionekani. Ya tatu, "hiyo si ya hapa, nenda idarani." Idarani wakanituma kwa mwalimu wa somo, na mwalimu wa somo alikuwa wa muda, wale wanaolipwa kwa saa walizofundisha, wakilipwa, na alikuwa ameshaondoka. Nikarudi dirishani. Hapo katikati wahadhiri wakagoma. Ulikuwa mgomo wa ngapi sikumbuki.

Siku ninayoisema ilikuwa ya mvua. Tarehe imenitoka, lakini mahafali yalikuwa karibu kwa sababu wauza mashada walikuwa wameshaanza kutandaza langoni. Nilipanga foleni tangu asubuhi. Nilipofika, mama wa dirishani alikuwa na kikombe cha chai na chapati iliyokunjwa, simu ameiegemeza kwenye stapla anatazama kitu cha kuchekesha. Nikainama.

"Madamu, habari ya leo. Ni mimi tena, wa Isimujamii."

Hakuniangalia. Akasema, kwa sauti ya mtu anayeita watu mezani, "Sasa wewe, una uhakika huo mtihani ulifanya? Ama siku hiyo ulikuwa kwa wanaume?"

Nyuma yangu palikuwa na watu kama ishirini. Mmoja alicheka. Kicheko chake nakijua mpaka leo, na kama unasoma hapa, komredi, nawe nakudai.

Nikapitisha kadi ya mtihani tunduni, ina muhuri wa siku ile na sahihi ya msimamizi. Akaigeuza kwa kidole chenye mafuta ya chapati. "Muhuri hata mjini wanachonga." Akairudisha, akavuta pazia. Ilikuwa saa saba kasoro dakika ishirini, na ofisi hufungwa saa saba kwa chakula cha mchana. Tusi nimelisamehe nusu. Dakika ishirini zangu sijazisamehe hata moja. Pazia lina maua ya manjano. Nimewahi kuliota.

Na jamani, Isimujamii! Ndilo somo lililotufundisha rejista, kwamba hospitalini watu huongea hivi, mahakamani vile, sokoni vingine. Swali moja la mtihani ule ule lilitaka tueleze jinsi cheo cha msemaji kinavyobadilisha maneno yake. Jibu nililitafuta kwenye vitabu usiku kucha, kumbe liko dirishani linakula chapati.

Basi sikuhitimu na wenzangu. Jina halikuwa kwenye orodha. Nyumbani, karibu na Luanda ya Vihiga, mama alikuwa ameshashonesha kitenge na shangazi ameshatenga jogoo. Nilipowapigia simu, mama alinyamaza, kisha akauliza kama jogoo arudishwe bandani. Sikujua nijibu nini. Alirudishwa.

Watu wakipiga hesabu ya chuo huhesabu karo, chumba na chakula. Hesabu ya kistari hakuna anayeiandika kwenye ile karatasi ya karo. Mkopo wa HELB, ile bodi ya mikopo ya wanafunzi, una riba ya asilimia 4, unapewa mwaka mmoja wa kupumua baada ya kumaliza masomo, na ukishindwa kulipa kuna faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. HELB haijui habari za pazia. Kwake wewe umemaliza. TSC nayo, tume inayosajili na kuajiri walimu, haikusajili uwe mwalimu bila cheti na transkripti kamili, na ikitangaza nafasi huwafikiria waliohitimu zamani kabla ya waliohitimu juzi. Kwa hiyo wenzangu wakachukua nafasi zao kwenye foleni ya taifa, mimi nikabaki kwenye foleni ya korido. Huyu anakuona umemaliza, yule anakuona hujamaliza, na wote wawili wana barua.

Ndiyo maana kwa muda mrefu mzazi akiniuliza kuhusu chuo kile jibu langu lilikuwa moja: msimpeleke mtoto pale. Uzeni ng'ombe, ombeni harambee, mpelekeni kwingine.

Nililitoa jibu hilo mara nyingi kuliko mnavyodhani, maana nilipokuwa nangoja nilifanya kazi saiba moja, duka la intaneti, Nyalenda pale Kisumu. Kazi yenyewe, mtacheka, ilikuwa kuwajazia watu fomu za vyuo. Mzazi anakuja na namba ya mtihani ya mtoto na 1,500 za ombi la KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo, tunakaa mbele ya skrini, ananiuliza, "Dada, hiki ni kizuri?" Kishale kiko juu ya jina la chuo changu. Mama mmoja wa Manyatta nilimwambia hapana kabla hajamaliza kuuliza. Akaniangalia. "Kwani wewe ulisoma wapi?" Nikamwambia. Akasema, "Na mbona unajua hivi vitu vyote?" Nikanyamaza, nikajaza chuo cha Nairobi alichokitaka binti yake.

Wiki hiyo hiyo alikuja mwingine, mzee wa boda, kijana wake ana B ya kutoa na anataka ualimu. Huyo nikamwambia ndiyo. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu alikuwa amelowa.

Ukweli ni kwamba hasira yangu haina hesabu nzuri. Sisi tuliopelekwa na serikali kabla ya mfumo mpya wa ufadhili, karo ya masomo ilikuwa 16,000 kwa mwaka. Miaka minne ni 64,000. Ada nyingine zipo, za matibabu, za mitihani (za mitihani!), lakini hazikutufilisi. Binamu yangu alienda chuo cha binafsi Nairobi, na muhula wake mmoja tu ulizidi hiyo 64,000. Kwake hakuna dirisha. Kuna kaunta, kuna kiti, kuna mtu anayekuita kwa jina. Alihitimu siku aliyoambiwa atahitimu, akapiga picha akirusha kofia. Halafu akarudi Luanda, tukaketi mkeka mmoja tukichambua omena ya mama, yeye na cheti chake mimi na kistari changu, sote hatuna kazi. TSC haiulizi lango la chuo chako lilipakwa rangi gani.

Lakini hapo pia nisiwadanganye. Hiyo ni kwa walimu. Jirani yangu wa hosteli alisomea biashara, na alipotafuta pa kufanyia mafunzo ya kazini alikuta kampuni anazozitaka ziko Nairobi na nauli yake inaishia Nakuru. Aliishia kupanga mafaili mahali ambapo hakuna aliyemfundisha kitu. Kwa kozi kama ile, sijui. Angekuwa mdogo wangu ningesitasita.

Jambo moja ambalo hakuna anayelisema kuhusu chuo cha karibu na kwenu ni mahindi. Mama alikuwa akimpa konda gunia, konda ananipigia, mimi natoka darasani naenda stejini kulipokea. Muhula mzima. Chumba nilikipangisha 2,500 kwa mwezi, na kibandani ugali na sukuma ni hamsini, ukiwa mteja hata deni unapewa. Wenzangu wa Nairobi walikuwa wanalala njaa kwenye vyuo vyenye lifti. Mwalimu wetu wa Ushairi alifundisha watu mia nne bila kipaza sauti, na wa nyuma walisikia. Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, msimamizi alikuja kunikagua kwa boda, matope mpaka magotini, akakaa nyuma ya darasa akaandika kurasa tatu kuhusu jinsi ninavyoufuta ubao. Maelezo yale bado ninayo.

Unaona sasa. Nilianza nikiwa na nyota moja.

Kistari kilitolewa na mzee wa ufagio. Aliniona nimeketi sakafuni karibu na ndoo yake, akasema, "Mwanangu, karatasi zako haziko humo ndani. Huyo anakufukuza kwa sababu hana cha kukupa." Akanieleza mwalimu wangu alikohamia, chuo kingine, na kwamba Jumanne asubuhi hupita idarani kudai pesa zake. Nikaja Jumanne. Nikamkuta Daktari, ndiye huyo mwalimu wangu, ameinama kwenye dirisha jingine, la uhasibu, tundu lao nalo liko chini.

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno. Nilikuwa nayo ya kutosha, na yenye rejista zote. Alipogeuka aliniita jina langu, na akakumbuka kwamba nilikuwa nakaa safu ya pili upande wa madirisha. Tukaenda kwenye gari lake. Akafungua buti, akasogeza jeki na mfuko wa viazi, akatoa furushi la karatasi za majibu limefungwa kwa utepe wa mpira. Yangu ilikuwa imeingia ndani ya ya mwenzangu, imenatana kwa unyevu. 58 kati ya 70. Jumla 80. A.

A yangu ilikuwa chini ya viazi kwa zaidi ya mwaka.

"Nisamehe," akasema. "Walipokataa kunilipa, nami nilikataa kuleta alama. Nadai mihula mitatu." Nilitaka kumkasirikia na nikashindwa, nikamkasirikia kwa kunifanya nishindwe. Akaandika barua hapo hapo juu ya boneti.

Nikahitimu na darasa lililonifuata, watu nisiowajua. Jogoo hakuwa yule. Usajili wa TSC ukapita, nikaanza kama mwalimu mwanagenzi wa sekondari msingi kwa posho ya 20,000 kwa mwezi. Kwenye kikao cha kwanza cha walimu, aliyekuwa akituelekeza ni msichana tuliyekuwa tukikopeshana sabuni mwaka wa kwanza. Ananitangulia kwa mwaka na ushei. Ni mtu mzuri. Ananiita "mwalimu mgeni" kwa utani na kila mara nacheka nikiwa nimeuma meno.

Sasa mdogo wangu kaitwa. Chuo kile kile. Aliomba mwenyewe, sikumjazia mimi. Mfumo mpya, unaopanga wanafunzi kwa bendi kulingana na uwezo wa nyumbani, umemweka bendi ya 4, na bendi hiyo ilimaanisha nyumbani watoe asilimia 30 ya karo. Mama anauza omena, sijui kompyuta iliona omena ngapi. Tumekata rufaa. Kwa hiyo sahauni ile 16,000 yangu, hesabu za leo si hizo, na kama mtoto wako amewekwa bendi ya juu huenda ule unafuu niliousifia haupo tena. Mama aliniuliza, "Wewe unasemaje, aende?" Nikamwambia aende. Nikamwambia pia apige picha ya kila kadi ya mtihani, kila karatasi ya mahudhurio aliyotia sahihi, na ajue namba ya gari ya kila mwalimu.

Nilimsindikiza kujisajili. Nilikuwa nimetoka shuleni, nimevaa suti yangu ya bluu na kitambulisho shingoni. Mzee wa ufagio sikumwona. Soja wa langoni alisema kapumzika. Nyaraka zilikuwa zinapokelewa dirishani pale pale. Maua ya pazia yamefifia. Mdogo wangu akainama, mimi nikasimama kando, na yule mama akanitupia jicho, akaona kitambulisho, akainuka kitini.

"Karibu, mwalimu. Samahani kwa foleni. Tafadhali mwambie kijana alete nakala mbili za cheti, hizo zingine atazileta akipata nafasi."

Hakunitambua. Tulimaliza kwa dakika sita. Nilitoka pale nimekasirika kuliko siku ile ya mvua, kwa sababu kumbe miaka yote hiyo neno tafadhali alikuwa nalo.