Snapseed na picha za kahawia: uzoefu wangu hapa Mwanza

Kama unataka picha ya simu iwe na ile rangi ya kahawia ya picha za mababu, ushauri wangu ni Snapseed. Ni programu ya Google, ya bure, haina matangazo, na ukishaipakua haili bando. Kwenye kompyuta nina GIMP, nayo ni ya bure na ina Sepia kwenye menyu ya rangi, lakini siku hizi kazi zangu nyingi naanzia na kumalizia kwenye simu.

Wengi hufungua, wanagusa Vintage, wanachagua mtindo mmoja, basi. Kwa ngozi zetu hiyo haitoshi, uso unazama gizani. Mimi naanza na Black & White, kisha naweka filta ya rangi ya chungwa. Filta hiyo huangaza rangi za joto, na ngozi yetu, hata iwe nyeusi vipi, ina wekundu ndani yake. Anga na maji ya ziwa ndivyo vinavyokolea. Filta ya bluu hufanya kinyume, kaa nayo mbali kama kuna mtu kwenye picha. Nilimpiga mama mkubwa pale Mwaloni, Kirumba, magunia ya dagaa yakiwa nyuma yake. Kwa filta ya chungwa mikunjo ya pembeni ya macho ilijitokeza yote, na maua ya kitenge chake yakaonekana moja moja.

Ukahawia unafuata, na hapo natumia Curves, ule mstari unaouvuta kubadili mwanga na rangi: nyekundu napandisha, bluu nashusha, kidogo tu. Mafundi wa zamani walipitisha picha kwenye dawa iliyogeuza chembe za fedha kuwa salfaidi ya fedha, ambayo ni ya kahawia na hudumu zaidi. Dawa iligusa fedha, si karatasi. Kwa hiyo navuta katikati ya mstari na kuacha ncha ya juu palepale, ili nyeupe ibaki nyeupe. Ukiipaka picha nzima rangi moja, inakuwa kama imemwagikiwa chai.

Kinachonifanya niipende Snapseed hasa ni kwamba kila hatua hubaki kwenye orodha. Unairudia, unachukua brashi, unachagua asilimia 25, 50, 75 au 100, unapaka pale unapotaka tu. Picha yangu ya Jiwe la Bismarck ilipona hivyo: jiwe nililipa ukahawia wote, maji nikayapa robo, na nyufa za jiwe zikasimama vizuri sana.

Retrolux, filta nyingine ya humo ya kuzeesha picha, ina mikwaruzo na madoa ya mwanga. Siitumii. Picha ya mwaka huu haijakwaruzwa na mtu.

Ukienda studio kuisafisha, waombe wazime marekebisho ya rangi ya otomatiki. Mashine huweza kuuona ukahawia kama kasoro na kuurudisha kwenye kijivu. Studio moja mjini ilinitolea hivyo mara ya kwanza, walipozima ikatoka kama ilivyokuwa kwenye simu.