The Last Princess (2016): Son Ye-jin ameibeba filamu nzima

Sisi wapenzi wa tamthilia za kifalme za Kikorea tumezoea mfalme anayetoa amri na mawaziri wanaopanga njama. Humu mfalme yupo na hanbok (mavazi ya jadi ya Kikorea) za hariri zipo, lakini mwenye sauti ndani ya ikulu ni Mjapani. Korea ilitwaliwa na Japani mwaka 1910. Deokhye, binti wa mwisho wa mfalme Gojong, alizaliwa 1912, nchi ikiwa imeshakwenda.

Mwongozaji Hur Jin-ho hana papara. Gojong anafariki mwaka 1919 (Wakorea wengi waliamini aliwekewa sumu, na filamu inasimama upande huo), kisha 1925 binti huyo anapelekwa Japani, eti kusoma. Kurudi nyumbani kunageuka kuwa ahadi isiyotimizwa. Anayembana zaidi ni Han Taek-soo, Mkorea mwenzake aliyejiuza kwa wakoloni. Yoon Je-moon ameuvaa uhusika huu barabara. Nilimchukia huyo bwana kuliko Wajapani wote waliomo.

Kinachoniuma ni sehemu ya katikati. Kim Jang-han, mpigania uhuru anayeigizwa na Park Hae-il, anapanga kumtorosha binti mfalme hadi Shanghai, na ghafla tunatazama filamu ya risasi na kukimbizana. Mambo hayo hayakutokea. Hata hotuba yake ya kuwatia moyo vibarua wa Kikorea ni ya kutunga. Kwa nini kumvisha ushujaa wa kuazima? Inasimuliwa kwamba Deokhye wa kweli alikuwa akienda shule na chupa yake ya maji, kwa hofu ya kuwekewa sumu kama baba yake. Msichana mdogo, ugenini, hathubutu kunywa maji ya watu. Kwangu hilo lina uzito kuliko bastola kumi. Na ndoa yake ya mwaka 1931 na So Takeyuki, kabaila wa Kijapani, pamoja na binti yao Masae, inapitiwa harakaharaka, wakati humo ndimo maisha yake yalimovunjikia.

Son Ye-jin, jamani, ni mwigizaji! Vita vimekwisha mwaka 1945, Wakorea wanarudi makwao, naye anafika akiamini safari imewadia. Anaambiwa hawezi kuingia Korea. Angalia uso wake pale: kwanza hajaelewa, halafu anaelewa, halafu akili inamtoka palepale mbele ya watu. Nilisimamisha filamu, nikairudia sehemu hiyo. Baadaye, akiwa mgonjwa hospitalini, hasemi karibu chochote, na bado huwezi kumtazama mtu mwingine.

Ra Mi-ran naye, kama Bok-soon mjakazi wake, anachekesha mwanzoni kiasi kwamba wanapotenganishwa unahisi umenyang'anywa mtu wako. Ndiyo maana mapokezi ya kurudi kwake Korea, kwenye uwanja wa ndege wa Gimpo mwaka 1962, wanawake waliomtumikia ikulu wakiinama mbele yake na umri umekwenda, yaliniliza kwelikweli.

Itazameni, ina saa mbili na dakika chache tu. Anayetaka historia asome na habari za Deokhye mwenyewe, aliyeishi Nakseonjae, ndani ya kasri la Changdeokgung, hadi alipofariki mwaka 1989. Naipa nane kwa kumi. Mbili nimezikata kwa ajili ya zile risasi.