Seti ya kukagua sarafu kongwe: mizani na kioo vinafanya kazi, mikroskopu inapotosha

Seti hii huuzwa mtandaoni kwa majina mengi, lakini ukifungua boksi vitu ni vilevile: kioo cha kukuzia cha sonara, mizani ndogo ya dijitali, kalipa ya plastiki (ya kupimia kipenyo na unene) na mikroskopu ya USB. Tumeipima kwa kazi moja tu: kujua kama kasoro ya sarafu ilitoka nayo kiwandani au iliipata mitaani. Sarafu tulizotumia ni za Afrika Mashariki, za kikoloni na za baada ya uhuru.

Kabla ya vifaa, kumbuka sarafu inavyozaliwa. Kipande tupu hukatwa kwenye bamba, ukingo wake huinuliwa (chenye tundu hutobolewa, cha kuvikwa huvikwa), kisha hubanwa kwa kishindo kati ya mihuri miwili ndani ya pete ya chuma. Kasoro isiyoelezeka kwa hatua mojawapo kati ya hizo si kosa la kiwandani, hata iwe ya ajabu vipi.

Mizani ndiyo iliyotufurahisha zaidi. Hupima hadi gramu 200 na kusoma hadi gramu 0.01, na hicho ndicho kiwango cha chini kinachofaa. Tatizo ni kwamba haina jiwe la gramu 100 la kuisahihishia. Nunua pembeni, la sivyo unapima kwa kubahatisha. Iweke juu ya meza ngumu, zima feni, pima mara tatu. Shilingi ya fedha ya 1921 hadi 1925 ilitoka na gramu 7.78 na kipenyo cha milimita 27.8. Iliyochovywa kwenye asidi huwa nyepesi, nyembamba kila mahali, kipenyo kimepungua, na mistari ya ubavuni imelika. Hapo mizani na kalipa vimemaliza ubishi. Ila ujue uzito halali wa mwaka husika. Senti kumi yenye tundu ya Mfalme George V wa Uingereza ina gramu 11.34, lakini zile za George VI za miaka ya Vita vya Pili vya Dunia, kuanzia 1942, zilipunguzwa unene hadi karibu gramu 9.5. Anayekuuzia hiyo kama kosa la kipande chembamba anakuuzia sarafu ya kawaida. Vivyo hivyo na sarafu isiyo na herufi ndogo ya kiwanda: H ni ya Heaton wa Birmingham, KN ni Kings Norton, SA ni Pretoria, na za London hazikuwekwa herufi yoyote. Hakuna kilichosahaulika.

Kioo kimeandikwa 30x, jambo tusiloliamini; kwa macho yetu ni kama 10x, na kwa bahati nzuri 10x ndiyo inayotakiwa. Kishike karibu kabisa na jicho, ulete sarafu umbali wa sentimita mbili na nusu hivi. Kingo za kioo hufifia na kutoa rangi, basi tumia katikati tu.

Unachokitafuta ni jinsi metali ilivyosogea. Mstari ulioinuka juu ya uso ni ufa wa muhuri, yaani wa kiwandani. Mstari uliochimbika wenye matuta pembeni ni mkwaruzo. Sarafu iliyomeguka ukingoni kwa umbo la mwezi mchanga iangalie upande wa pili: kama kipande kilikatwa vibaya tangu mwanzo, ukingo unaotazamana na pengo huwa dhaifu au haupo, na herufi zilizo jirani na pengo hufifia taratibu. Aliyekata kwa mkasi wa bati huacha herufi zimekatika ghafla na ukingo wa upande wa pili umesimama imara.

Ndururu (senti tano) na senti kumi zina mtego wao. Tundu lilitobolewa kabla ya kupigwa chapa, kwa hiyo tundu lililohama kihalali huwa na kuta laini, na ile duara iliyochongwa kwenye muhuri huonekana katikati, mahali tundu lilipopaswa kuwa. Lililotobolewa baadaye kwa keekee (drili) huwa na vinyuzi vya mzunguko ukutani, makapi upande mmoja, na rangi mbichi ya metali ndani. Sarafu isiyo na tundu kabisa huuzwa ghali, na hapa mizani haisaidii, maana iliyozibwa kwa lehemu nayo imeongezeka uzito. Tafuta alama ya mzunguko kuzunguka kiraka.

Udanganyifu unaonasa wengi ni wa jiliwa, kile kibanio cha mafundi: sarafu mbili hubanwa pamoja, moja ikaacha picha iliyogeuka na kuzama kwenye nyenzake. Kosa halisi la aina hiyo, pale sarafu iliyonasa kwenye muhuri inapopiga kipande kinachofuata, hutoa picha iliyogeuka upande mmoja, nzima au karibu nzima, bila masalia ya mchoro wa kawaida chini yake, na upande wa pili umepigwa vizuri. Ya jiliwa huonyesha herufi za zamani zilizopondeka chini ya zile mpya, na mgongo wake umebapazwa na taya za chuma.

Mikroskopu ndiyo inayouza seti, na ndiyo mbovu. Hiyo 1000x ya kwenye boksi isahau. Stendi hucheza ukigusa kirekebisho, na kibaya zaidi ni duara la taa za LED: hung'aa kwenye kila mteremko wa herufi na kuzaa kivuli cha pili, mtu akaapa kwamba muhuri uliandikwa mara mbili. Zima taa hizo, tumia taa ya meza iliyolazwa pembeni, zungusha sarafu. Muhuri uliojirudia kweli huacha herufi mbili zenye mwinuko, na ncha zake zimegawanyika. Ukiona ngazi bapa iliyomenya unene wa herufi, muhuri uliteleza tu wakati wa kugonga. Hilo ni la kiwandani, ndiyo, lakini halina bei.

Kingine kinachokosekana kwenye boksi ni sumaku. Shilingi 100 ya Tanzania yenye sura ya Nyerere ni chuma kilichovikwa shaba ya njano. Asidi ikila shaba hiyo, sarafu hubaki ya kijivu na huuzwa kama iliyopigwa bila kuvikwa. Zote mbili zitanasa kwenye sumaku, kwa hiyo sumaku peke yake haitoshi. Kwa kioo, iliyooshwa kwa asidi ina vishimo vidogo na haina mng'ao wa kupigwa chapa, na masalia ya unjano hujificha kwenye kona za herufi.