Kukodi Gari Mjini Moshi na Kuliendesha Mwenyewe hadi Arusha: Uzoefu Wangu

Kwa mtu anayeishi Mombasa, mji wa Moshi, Tanzania, uko karibu kuliko Nairobi, na ndiyo maana likizo ya shule ya Agosti iliyopita familia yangu ilichagua kuvuka mpaka badala ya kwenda bara. Tulishuka treni Voi, tukapanda matatu hadi Taveta, tukagongewa mihuri ya pasipoti katika kituo cha pamoja cha mpakani Holili, na siku hiyohiyo tukawa Moshi mjini tukilisubiri gari tulilokuwa tumelikodi kwa simu. Naandika tathmini hii kwa ajili ya Mkenya mwenzangu, na jirani mwingine yeyote wa Afrika Mashariki, anayefikiria kuendesha mwenyewe kati ya Moshi na Arusha, kwa sababu maelezo mengi niliyoyakuta kabla ya safari yameandikwa kwa ajili ya watalii wa Ulaya wanaochukua gari pamoja na dereva. Jina la kampuni sitalitaja, kwa kuwa nina lawama ambayo tayari nimewafikishia wenyewe na ningependa wapate nafasi ya kuirekebisha.

Wengi wameniuliza kwa nini sikuvuka na gari langu. Jibu ni hesabu. Gari la Kenya likiingia Tanzania linahitaji kibali cha muda cha gari la kigeni, bima ya kadi ya njano ya COMESA, ile inayotambuliwa nje ya nchi, na hati ya umiliki. Na ikiwa gari bado liko kwenye mkopo, hati hiyo iko benki, nawe huna budi kuomba barua. Zaidi ya hapo, kwenye mageti ya hifadhi za taifa gari lenye namba za kigeni hutozwa kwa dola, ilhali lenye namba za Tanzania hutozwa kwa shilingi, na tofauti yake si ndogo. Nilipoyapima hayo yote na bei niliyopewa, shilingi 130,000 za Tanzania kwa siku bila mafuta kwa Toyota RAV4 ya toleo la zamani, niliona kukodi kuna nafuu kwa safari fupi. Anayekwenda kukaa mwezi mzima apige hesabu yake upya.

Kabla ya kulipa chochote nilizungumza na kampuni mbili, na bima ndiyo iliyoamua. Tanzania watu husema bima ndogo na bima kubwa: ndogo humlipa yule uliyemgonga tu, kubwa hugharamia pia gari lenyewe. Kampuni ya kwanza, iliyoko Arusha, ilinihakikishia kwamba gari lake lina bima kubwa, lakini nilipoomba kuiona hati ikanitumia picha ya stika ya kwenye kioo, basi. Ile ya Moshi ilituma hati yenyewe siku hiyohiyo, ikionyesha namba ya gari, tarehe ya kwisha, kiasi ambacho mteja atajilipia mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa, na maneno yanayosema wazi kwamba gari limekatiwa bima kama gari la kukodisha. Hilo la mwisho lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Gari lililokatiwa bima ya matumizi binafsi likipata ajali mikononi mwa mtu aliyelikodi, kampuni ya bima inayo sababu ya kukataa kulipa, na hapo mgeni hubaki na deni katika nchi asiyokuwa na mtu wa kumkimbilia.

Makabidhiano yalifanyika kwenye kiwanja cha ofisi yao na yalichukua muda mrefu kuliko nilivyozoea. Nayahesabu kuwa sehemu bora ya huduma nzima. Kijana aliyetupokea alimpa mke wangu kiti kivulini, akaitikia shikamoo za watoto, kisha akaniambia, “Kaka, tulikague pamoja kwanza, halafu ndiyo tusaini.” Alilizunguka gari akinionyesha kila mkwaruzo kabla mimi sijauona, ukiwemo ufa mwembamba kama unywele chini ya taa ya nyuma ya kushoto, akanitaka niurekodi kwa video ya simu yangu huku yeye akitaja tarehe kwa sauti. Alilikandamiza kwa kidole gumba tairi la akiba, ambalo kwenye RAV4 za zamani hufungwa mlango wa nyuma, akatoa jeki na spana ya nati za magurudumu, kisha akaniomba nimwonyeshe mahali jeki inapokaa chini ya bodi. Kizima moto alikigeuza mpaka tukaona sote kwamba mshale wa kipimo umesimama kwenye rangi ya kijani. Pembetatu mbili za kuakisi mwanga alizitoa kwenye mfuko wa kuzihifadhia, akazikunjua, akazirudisha. Vitu hivi trafiki wa Tanzania huviulizia barabarani, na kila kimoja kinachokosekana ni kosa.

Alifanya pia jambo ambalo sijawahi kufanyiwa na kampuni yoyote ya kwetu. Alifungua kwenye simu yake mfumo wa polisi wa kuangalia madeni ya faini, akaingiza namba ya gari, akanionyesha kwamba halidaiwi. Faini ya barabarani, ambayo ni shilingi 30,000 kwa kosa, huingizwa kwenye mashine kwa namba ya gari na hulipwa kwa namba maalumu ya malipo ya serikali, kwa hiyo deni la mteja aliyekutangulia linaweza kukukuta wewe njiani. Nashauri kila anayekodi aombe aonyeshwe hivyo, na kama kampuni inasitasita, atafute nyingine.

Mkataba ulikuwa na masharti matatu niliyoyaona ya haki: gari lisitoke nje ya Tanzania, lisiendeshwe usiku nje ya mji, na lisiteremke kwenye kreta ya Ngorongoro. Sharti la tatu lilimhuzunisha mwanangu wa kwanza, aliyekuwa na hamu ya kumwona faru, lakini kampuni ilitueleza ukweli, kwamba njia za kushuka na kupanda kule ni kali na zinataka gari lenye nguvu linalovuta kwa magurudumu yote manne. Wakatushauri kwamba tukitaka kushuka, tuliache gari lao Karatu na tuchukue gari na dereva wa huko kwa siku hiyo moja. Kampuni inayotazama fedha tu ingenyamaza na kutuacha tukagombane na askari wa getini. Walitueleza vilevile, bila kuulizwa, kwamba gari lina kifaa cha kulifuatilia lilipo.

Kuhusu kuendesha kwenyewe, Mkenya hana cha kujifunza upya, kwa kuwa tunashika upande uleule wa kushoto, na leseni yangu ya Kenya ilikubaliwa kila iliposomwa. Kilicho tofauti ni nidhamu ya mwendo. Kati ya Moshi na Arusha ni kilomita 80 hivi, lakini kila kijiji kina kibao cha 50, na karibu na vibao hivyo husimama trafiki waliovaa nguo nyeupe wakiwa na kifaa cha kupima mwendo, ambacho madereva wa huko hukiita tochi. Tochi hiyo hukupiga picha kabla wewe hujawaona trafiki wenyewe. Kwenye vivuko vya waenda kwa miguu nako hakuna mzaha: ukimwona mtu amesimama ukingoni, simama. Ramani ya simu ilituahidi kufika kwa saa moja na robo. Bomang'ombe, Kikatiti, Maji ya Chai na Usa River zilitufanya tutumie karibu muda wa saa mbili, tena bila kusimama kula. Ukipanga siku yako, panga kwa muda huo.

Sasa nije kwenye suala la kutafuta njia, ambalo ndilo lililonifanya niandike kwa urefu. Nilikuwa nimepakua ramani ya Kilimanjaro na Arusha kabla ya kuondoka nyumbani ili itumike bila intaneti, na Moshi nilinunua laini ya Tanzania, ambayo mgeni huisajili kwa pasipoti na alama za vidole. Kampuni nayo ilitupa karatasi moja iliyochapwa kwa Kiswahili, yenye maelekezo ya kwenda Marangu, Chemka, Machame, Arusha na geti la Momella kwa kutumia alama zinazoonekana: njia panda ya Himo, kanisa, shule, daraja, kituo cha mafuta. Kijana aliikabidhi kwa maneno haya: “Kwenye lami iamini ramani. Ukishaiacha lami, muulize mtu.”

Sababu ya maneno yake niliielewa mlimani. Mitelemko ya Kilimanjaro imekatwakatwa na makorongo yanayoshuka kutoka juu, na barabara za magari nyingi hufuata migongo iliyo kati ya korongo na korongo. Matokeo yake ni kwamba vijiji viwili vinaweza kuonana uso kwa uso, hata ukasikia kengele ya kanisa la ng'ambo, lakini ili kuvifikia kwa gari inabidi uteremke hadi barabara kuu na kupanda upya. Programu ya ramani haipimi hivyo. Huona mstari mfupi unaokatiza ubavu wa mlima, na kama kuna kijia kilichochorwa, hukupeleka humo.

Tulipotoka Kibosho tukitaka kwenda Machame, simu ilituingiza kwenye njia ya udongo kati ya migomba na mibuni, ikawa inazidi kuwa nyembamba mpaka majani ya migomba yakawa yanapangusa vioo vya pande zote mbili. Nilisimama palipokuwa na nafasi ya kugeuzia. Mzee mmoja alikuwa anapita na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Watoto walimwamkia, akaitikia, “Marahaba, wajukuu zangu,” akautua mzigo wake chini kabisa ili azungumze nasi vizuri. “Hapo mbele ni korongo, mwanangu,” alisema. “Hupita mtu wa miguu na pikipiki. Rudi ulikotoka, teremka mpaka lami, ndipo upande tena Machame.” Nilipoifungua ile karatasi ya kampuni baadaye, nikakuta inasema hivyohivyo, karibu neno kwa neno. Kilomita ziliongezeka, lakini muda ulipungua.

Chemka, penye chemchemi, ilithibitisha jambo hilohilo kwa upande wa tambarare. Maji yale huitwa ya moto, ingawa kwa kweli ni ya uvuguvugu, na ni mazuri mno, maangavu mpaka unaona mizizi ya miti chini. Kutoka Bomang'ombe ramani ilituonyesha njia kadhaa za vumbi zisizo na jina, zote zikidai kufika. Karatasi ilitaka tufuate njia ya Rundugai na tuwaulize vijana wa bodaboda kwenye kila njia panda. Mahali pamoja niliona mashaka, nikatuma mahali nilipo kwa WhatsApp. Kijana wa kampuni akapiga simu mwenyewe baada ya muda mfupi na kunielekeza mpaka nikauona mti mkubwa alioutaja.

Arusha mjini mambo yaligeuka. Kule ramani ilifanya kazi vizuri, isipokuwa kwamba wenyeji hawaelekezi kwa majina ya barabara. Watakwambia Mnara wa Saa, Mnara wa Mwenge, Mianzini, Sakina, Kijenge, au kipilefti (mzunguko wa barabara) fulani, na ni heri uyajifunze majina hayo kabla ya kuingia. Kama safari yako ni ya Tarangire au Karatu na huna shida na mji, ipo barabara ya mchepuo inayouzunguka kwa kusini ikianzia upande wa Usa River; ilituondolea foleni yote ya asubuhi. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha RAV4 ilitutosha kabisa, na tuliwaona twiga na mbega kabla hata hatujafika maziwa ya Momella. Getini hawapokei fedha taslimu, kwa hiyo hakikisha una kadi au salio la kutosha kwenye laini yako ya Tanzania.

Lawama yangu ni ya siku ya kurudisha gari. Ukaguzi ulikwenda kwa uungwana, video ilimaliza maneno yote kuhusu ule ufa wa taa, na mafuta tuliyapima kwa mshale uleule wa mwanzo. Lakini nilikatwa shilingi 10,000 za kuosha gari ambazo hazikuandikwa popote mkatabani, na amana yangu ya shilingi 300,000, ambayo niliahidiwa kuipata siku hiyohiyo, ilinifikia Mombasa baada ya zaidi ya wiki moja na ujumbe mwingi wa kukumbushana, kwa maelezo kwamba kutuma fedha kwenye namba ya Kenya kumeleta matatizo. Kampuni iliyo mwendo mfupi tu kutoka mpakani, yenye wateja wa Kenya, ilipaswa kuwa imelitatua jambo hilo zamani. Mwenzangu utakayekodi kwao au kwa kampuni nyingine ya Moshi, rudisha gari asubuhi saa za kazi, na sharti la kurudishiwa amana yako taslimu kabla hujaondoka kwenda Holili liandikwe ndani ya mkataba kabla hujasaini. Mimi nitakodi kwao tena Desemba kwa sharti hilo, na wamekubali kuliandika.