TAHADHARI: Gazi bandia ya klima inauzwa Lubumbashi kwa jina la R134a

Wenye magari na mafundi wenzetu wa komini za Kenya, Katuba, Ruashi, Kampemba na kwingine mjini, fungueni macho. Joto la Septemba na Oktoba likianza kuchoma, klima nyingi (viyoyozi vya magari) zinaonekana kutoa hewa ya moto, na ndipo wachuuzi wanapopita garaji kwa garaji na chupa za buluu mpauko, katoni safi, maandishi R134a (gazi ya klima za magari), kilo 13.6, bei ya kutamanisha. Ndani inaweza kuwa gazi ya kupikia, R22 ya klima za nyumba, au mchanganyiko ambao hata muuzaji haujui.

Usitoe pesa kabla ya kuitoa chupa kwenye katoni. Chupa hii hutumika mara moja tu: vali yake inaruhusu gazi kutoka, hairuhusu kuingia. Anayetaka kuijaza upya lazima aichokonoe. Pitisha kidole shingoni, utafute alama ya lehemu, nyuzi za vali zilizokwaruzwa na koleo, au rangi mbichi iliyopakwa juu ya kutu kitakoni. Katoni mpya yenye chupa kuukuu ni sababu tosha ya kuondoka.

Kisha mizani. Lita moja ya R134a ikiwa majimaji ina uzito wa kilo 1.2 hivi, ya gazi ya kupikia ni nusu kilo na kidogo. Kwa hiyo chupa ya ukubwa huu, hata ikijazwa pomoni kwa gazi ya kupikia, haifikishi kilo 8 za gazi. Ukitoa uzito wa chupa tupu, karibu kilo 3, hesabu inajionyesha.

R22 inapita kwenye mizani bila shida, kwa hiyo tumia manometa, kipimo cha shinikizo la gazi. Acha chupa kivulini usiku kucha, kipimajoto kikiwa kimebandikwa ubavuni, mbali na jua na motere (injini) yenye moto. Asubuhi soma vyote viwili. Kwa mwinuko wa Lubumbashi, R134a safi inasoma karibu bari 4.8 kwenye nyuzi 20, bari 5.8 kwenye nyuzi 25, bari 6.8 kwenye nyuzi 30. R22 kwenye nyuzi 25 inapanda mpaka bari 9.5. Ukipata tofauti ya nusu bari, rudisha chupa. Kuna mchanganyiko wa propani na isobutani uliotengenezwa makusudi ufanane na R134a kwa shinikizo. Huo unakamatwa na mizani, kwa hiyo fanya majaribio yote mawili, usichague moja.

Usikubali muuzaji akuonyeshe ubora kwa kuwasha kiberiti. Gazi ya kupikia italipuka usoni mwako, na R134a yenyewe ikikutana na moto hutoa moshi wa sumu.

Kibaya zaidi ni R40, kloridi ya methili, ambayo imewahi kukutwa ndani ya R134a bandia katika nchi mbalimbali. Inakula alumini, na kompreseri (pampu ya gazi) na kondenseri (rejeta ya klima) za gari ni alumini. Kinachozaliwa humo kinaweza kuwaka chenyewe kikigusa hewa. Fundi anayefungua mpira wa klima namna hiyo anaungua bila kujua kosa ni la nani.

Na kabla ya kununua gazi yoyote, hakikisha gari linahitaji gazi. Wengi wanauziwa gazi wakati shida ni vumbi la kiangazi lililoziba kondenseri, feni ya mbele isiyozunguka, fyuzi, kilachi (klachi) ya kompreseri isiyoshika, au kibao cha hita kilichokwama upande wa moto. Sikiliza "tak" ya kilachi klima inapowashwa. Fundi anayeunga chupa bila kuangalia haya, mwambie asimame.

Gazi ikiwa imepungua, imepitia mahali. Tafuta doa la mafuta lenye vumbi kwenye viungo, kisha jaza nitrojeni bari 10 na upake povu la sabuni. Usitumie oksijeni ya kuchomea kamwe, inalipuka ikikutana na mafuta ya kompreseri. Hewa ya kujazia matairi nayo inaingiza unyevu. Kopo la dawa ya kuziba matundu tunalikataa kabisa: linaziba vali ndogo ya upanuzi, halafu bili inakuwa mara tatu.

Baada ya kuziba, pampu ya kunyonya hewa ifanye kazi dakika 45. Hapa kwetu sindano inatua karibu bari -0.88, kwa sababu mji uko mita 1,200 hivi juu ya bahari. Anayekuonyesha -1 kamili ana manometa isiyowekwa sifuri. Zima pampu, subiri dakika 20. Sindano ikipanda, bado panavuja. Gazi iingie kwa gramu, kufuata karatasi iliyobandikwa chini ya kapo (boneti), si kwa kubahatisha. Gari la haibridi (la petroli na umeme) linahitaji mafuta ya kompreseri yasiyopitisha umeme, si mafuta ya PAG ya kawaida.

Kama tayari umewekewa gazi usiyoiamini, usiitoe ovyo na usiichanganye na nyingine. Zima klima, andika kwa rangi chini ya kapo "gazi haijulikani", umwambie kila fundi atakayegusa gari. Anayetaka kuitoa afanye nje, mbali na moto na cheche, kwenye chupa yake pekee. Na kwa wanaonunua kwa jumla: muuzaji aliyepitisha mzigo mpakani kihalali ana karatasi za DGDA (forodha) na OCC (ofisi ya ukaguzi wa bidhaa). Omba uzione, uandike namba ya chupa kwenye risiti, umwambie asaini.